Barua ya wazi: Makohozi yakisema si TB, safari ianze hapo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, kwa wasimamizi wa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), na kwa wakuu wa afya wa Kaunti ya Nairobi,

Mimi ni muuza nafaka Kariobangi. Kaka yangu mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa akichomelea milango na madirisha pale Light Industries, eneo letu la karakana, kwa miaka ishirini na sita. Mwaka jana alimeza dawa za kifua kikuu kwa miezi mitano. Hakuwa na kifua kikuu. Alikuwa na saratani ya mapafu, na tulimzika kabla mwaka haujatimia tangu kikohozi cha kwanza.

Kituo kilichomtibu sikitaji. Nikikitaja, atahamishwa mtu mmoja, pengine yule kijana aliyekuwa akitusaidia kuliko wote, na mambo yataendelea vilevile.

Kikohozi kilianza Februari, mwezi ambao Kariobangi ni vumbi tupu na kila mtu anakohoa. Alinunua dawa ya maji kwa duka la dawa, akapewa antibayotiki, akarudi akapewa nyingine. Aprili aliona mstari wa damu kwenye leso. Hapo ndipo alipokubali kwenda kliniki, na niseme ukweli, alipokelewa vizuri. Makohozi yalichukuliwa asubuhi, yakapitishwa kwenye mashine ya GeneXpert, na kabla ya jioni jibu lilikuwa limefika: hakuna TB. Eksrei ilionyesha kivuli juu, upande wa kulia. Akaanzishwa dawa za TB.

Simlaumu daktari kwa hilo. Nimesoma na kuuliza sana tangu wakati ule. Mashine ile hutafuta vinasaba vya bakteria na kujibu ndani ya saa mbili, lakini haimkamati kila mgonjwa, hasa mwenye bakteria wachache, kwa hiyo daktari anaruhusiwa kuanzisha matibabu kwa kuangalia picha na dalili. Na katika jiji hili, ukimwona mtu anakohoa, anakonda na ana kivuli kifuani, ukikisia TB mara nyingi utapatia. Kisa chetu kiliharibika baada ya hapo. Hakuna aliyeandika kwenye kadi yake tarehe ya kukisia upya.

Mwezi wa pili wa dawa mgonjwa wa TB huanza kurudisha mwili. Fundi alikuwa anasogeza mshipi tundu moja ndani, kisha jingine, mpaka tundu zikaisha akatoboa lake kwa msumari. Mkojo wake ulikuwa wa rangi ya machungwa, kama wa kila anayemeza dawa zile, na sisi nyumbani tukawa tunaufurahia: si unaona, dawa inafanya kazi! Mwezi wa tatu nilimpa sarafu anihesabie dukani nikaona ncha za vidole vyake zimevimba na kucha zimepinda kama mgongo wa kijiko. Nilidhani ni kazi ya vyuma. Daktari aliyekuja kutuambia ukweli alivishika vidole vile kabla hata hajatazama picha. Ni dalili ya zamani sana, alisema, inajulikana tangu enzi za Hippocrates, na haigharimu hata shilingi kuitazama.

Kila tulipokwenda kuchukua dawa tuliambiwa avumilie, amalize dozi. Tukavumilia. Mwezi wa tano akashindwa kupanda ngazi za kwake, ghorofa ya pili. Hospitali nyingine, ya rufaa, ilimtoa zaidi ya lita moja ya maji kwenye utando wa mapafu na kuyapeleka maabara. Wiki tatu baadaye tukapewa jina.

Mheshimiwa Waziri, ningependa wewe na wenzako mjue tulichoelezwa siku hiyo, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike. Daktari wa saratani, mama mmoja wa sauti ya chini, aligeuza fomu upande wa pili akachora mapafu mawili. Kaka akamwambia, "Daktari, sema tu. Mimi ni fundi, nimezoea kuambiwa chuma kimeoza."

Akasema saratani ya mapafu si moja. Kuna ile ya seli ndogo, kama visa 15 katika kila 100, ambayo hukimbia mwilini haraka. Kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, huipunguza kwa kasi ya kushangaza, lakini mara nyingi hurudi. Zilizobaki zote ni za seli zisizo ndogo, na Fundi alikuwa na aina inayoitwa adenokasinoma, ambayo ndiyo huwapata zaidi watu wasiovuta sigara. Ikikutwa ingali uvimbe mdogo ndani ya pafu, kipande cha pafu hukatwa, au uvimbe hupigwa mionzi yenye shabaha kali ikiwa mtu hawezi kustahimili kisu, na hapo lengo ni kuponya. Kwa hesabu za Marekani, zaidi ya 60 kati ya 100 wanaokutwa katika hali hiyo huwa hai baada ya miaka mitano. Ikishafika kwenye tezi za kifua, hutumika kemo na mionzi pamoja, wakati mwingine na upasuaji, na wanaofika miaka mitano ni kama theluthi au zaidi kidogo. Ikishavuka kwenda ini, mifupa au ubongo, wanabaki takriban 10 kati ya 100. Hizo ni hesabu za nchi yenye mashine kila pembe. Zetu sikumwuliza.

Ya Fundi ilikuwa kwenye ini na uti wa mgongo. Hatua ya nne.

Nilidhani mazungumzo yameishia hapo. Kumbe yalikuwa nusu. Yule mama akasema hata hatua ya nne siku hizi si kitu kimoja, inategemea kilichoharibika ndani ya seli. Wapo wenye hitilafu katika jeni iitwayo EGFR. Hao kuna vidonge vyao, wanameza nyumbani, na katika utafiti wa kidonge kimoja kipya, osimertinib, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 38. Wapo wachache wenye hitilafu ya ALK. Katika utafiti wa dawa yao, alectinib, zaidi ya 60 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano, nao wote walianza wakiwa na ugonjwa uliokwisha kuendelea sana! Wengine hufaa kwa dawa za kuamsha kinga ya mwili, kama pembrolizumab: wale ambao uvimbe wao una alama nyingi za kuipokea, karibu theluthi walifika miaka mitano. Zamani, kwa kemo peke yake, kawaida ilikuwa miezi minane hadi kumi.

Fundi hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Kwa watu kama yeye hitilafu ya EGFR huonekana mara nyingi zaidi. Tukachangishana tukalipia kipimo.

Jibu lilirudi baada ya wiki mbili na nusu: sampuli haikutosha. Maji yaliyotolewa yalikuwa na seli chache mno. Ilibidi achomwe sindano ndefu kifuani, ikiongozwa kwa skani, wachukue kinyama kipya, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa; na wakati huo pumzi yake haikuwa ya mtu wa kulala chali nusu saa. Daktari akaona asingojee, akaanza kemo, carboplatin na paclitaxel. Alipata tatu. Ile ya kwanza ilimrudishia sauti na akala ugali wiki nzima. Ya tatu ilimlaza.

Kwa hiyo sijui kama kaka yangu alikuwa mtu wa miezi kadhaa au mtu wa miaka mitatu. Sitajua kamwe. Siwaambii kwamba Aprili angepona. Lakini ule uvimbe wa Aprili ulikuwa kivuli kimoja, na yeye alikuwa mtu anayebeba geti la chuma begani. Angeweza kulala chali. Kinyama kingetosha.

Ninachowaomba ni kimoja, na yote mengine yanatoka humo. Kikohozi kisicho cha TB kipewe njia yake.

Tazameni mlivyoijenga njia ya TB. Makohozi yana mtu wa kuyabeba. Jibu linatoka siku hiyo hiyo. Dawa ni bure. Kuna daftari, kuna kadi, kuna anayekupigia usipofika. Tangu Septemba 2023 kuna wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima wenye mabegi na simu. Lakini mashine ikiandika "hasi", mgonjwa huyo huyo mliyemtafuta kwa juhudi zote hizo anageuka yatima. Anarudishwa nyumbani na antibayotiki, au anaanzishwa dawa kwa makisio na kusahauliwa ndani ya makisio.

Wekeni kanuni, iandikwe kwenye kadi ile ile ya TB kwa maneno ambayo hata muuza nafaka ataelewa: jibu hasi pamoja na kivuli, au damu, au kukonda, basi skani ya kifua ndani ya wiki mbili. Aliyeanzishwa dawa kwa makisio apimwe uzito na apigwe picha upya mwisho wa mwezi wa pili. Kama kivuli hakijapungua, apelekwe kuchukuliwa kinyama, asiambiwe avumilie. Uingereza wamejiwekea siku 62 tangu rufaa ya haraka hadi tiba ya saratani ianze. Wanakosa lengo hilo mara nyingi, na magazeti yao hayawapi nafasi ya kupumua. Lakini siku zinahesabiwa. Kwetu sisi, Fundi alikaa zaidi ya siku 200 tangu alipoingia kliniki hadi dripu ya kwanza ya kemo, na hesabu hiyo niliifanya mwenyewe juu ya mfuko wa maharagwe.

Siombi kila mtu Nairobi apigwe skani. Najua kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2011, uliohusisha watu zaidi ya 53,000, ukaonyesha kwamba skani ya mionzi kidogo ya kila mwaka ilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20. Ulikuwa wa wavutaji wakubwa wa sigara. Huku kwetu, ambako watu wengi wana makovu ya TB ya zamani vifuani, ukimpiga picha kila mtu utapata vivuli kila mahali na hofu isiyo na kazi. Mimi naongea juu ya yule ambaye tayari amekuja mlangoni, tayari anatema damu, tayari ana picha yenye doa.

Kwenu SHA, mnaosimamia bima ya afya, nina neno. Kiwango cha malipo ya saratani tulichokikuta kilikuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka: 400,000 kutoka mfuko mmoja na 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Baadaye tukasikia kinapandishwa hadi 800,000. Asanteni, nasema bila kejeli, kemo zake zililipwa. Lakini kifurushi cha saratani kinamngoja mtu mwenye karatasi iliyoandikwa saratani. Ile barabara ya kuifikia karatasi hiyo tuliilipa sisi. Mashine ya umma tuliyoelekezwa ilikuwa mbovu wiki hiyo, tukafanya skani kwa kituo cha binafsi. Rangi za maabara za kutambua aina ya seli, mfukoni. Kipimo cha jeni, kundi la WhatsApp, paybill, na kiti cha plastiki cha mchango pale karakana, mafundi wakitoa mia mia. Nikijumlisha, pesa zilizoliwa na kutojua zinaweka duka la pili.

Kipimo cha EGFR na ALK kihesabiwe kuwa sehemu ya kuutambua ugonjwa, kilipwe, na kiagizwe siku ile ile kinyama kinapochukuliwa ili sampuli itoshe tangu mwanzo. Na mkishapata jibu, dawa iwepo. Shirika la Afya Duniani liliweka erlotinib, moja ya vidonge vya EGFR, katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, pamoja na gefitinib na afatinib kama mbadala wake. Nakala zake za bei nafuu, zisizo na jina kubwa la kampuni, zinatengenezwa India. Kwa saratani ya matiti mmeonyesha inawezekana: makubaliano na kampuni ya Roche yaliteremsha dawa yake ya Herceptin kutoka takriban shilingi 120,000 kwa awamu hadi 40,000, na hizo 40,000 SHA ikazibeba. Wagonjwa wa mapafu ni wachache kuliko wa matiti na hufa haraka, kwa hiyo hawaandamani. Msiuchukue ukimya wao kuwa ridhaa. Na tafadhali bandikeni ukutani, kwa Kiswahili, katika kila hospitali inayotoa kemo: dawa hizi za saratani ya mapafu zinalipwa, hizi hazilipwi. Mtu asigundue dirishani.

Hospitali kubwa ninazijua. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta (KNH) tumekaa kwenye mabenchi yake. KUTRRH, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa, kuna mashine ya PET, skani ya kuonyesha saratani imefika wapi mwilini, ambayo zamani watu walikuwa wakiipandia ndege kwenda India. Sijaja kusema hatuna kitu. Mashine ziko mwisho wa njia, na mgonjwa wa Kariobangi anapotelea mwanzoni.

Kuhusu sigara. Matangani waliniuliza watu wasiopungua kumi, "Kwani alikuwa anavuta?" Nikichoka kujibu nilikuwa namwaga chai tu. Sigara ndiyo chanzo kikubwa, sibishi, na hatua chache kutoka dukani kwangu kuna kibanda kinachouza moja moja ingawa sheria ya 2007 inataka pakiti. Lakini moshi wa kuchomelea vyuma nao uliwekwa na wataalamu wa IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, kati ya visababishi vya saratani mwaka 2017, miaka mitano baada ya moshi wa dizeli. Light Industries watu wanachomelea ndani ya vibanda vya mabati visivyo na dirisha, wamefunga kitambaa puani. Sijawahi kumwona mkaguzi wa afya kazini pale. Wa leseni tunawaona.

Jambo moja lilikwenda vizuri na sitaki lipotee katika manung'uniko yangu. Yule daktari hakungoja kemo ishindwe. Siku ya kwanza alituandikia barua ya kwenda Nairobi Hospice, ambao wamekuwa wakiihudumia Nairobi tangu 1990. Tulikasirika. Tulidhani ametukatia tamaa. Wakampa mofini ya maji, wakamfundisha mke wake kuipima kwa sindano isiyo na ncha, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti alilala usiku kucha. Baadaye nilijifunza kwamba utafiti wa Marekani wa mwaka 2010, wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyoenea, ulionyesha kwamba waliopewa huduma hiyo mapema hawakupungukiwa siku. Waliishi karibu miezi 11.6 dhidi ya 8.9 ya wenzao. Kwa hiyo wala si huduma ya kufia. Madaktari wenu wengi wanaileta ikiwa imebaki wiki moja.

Nimalizie na mgeni aliyetujia Novemba. Wiki mbili baada ya kemo ya kwanza alibisha hodi binti mmoja mwenye fulana ya wahamasishaji wa afya, amepanda ghorofa zile kwa miguu, jua kali. Alikuwa anamtafuta Fundi. Alisema mgonjwa ameacha dawa za TB, anahatarisha watoto wa nyumba nzima, na kliniki imemtuma amrudishe. Alikuwa mpole na alijua kazi yake. Shemeji yangu akamwonyesha mume wake kitandani, kichwa hakina unywele. Binti akasimama kimya, akatoa pole, halafu akasema kwa aibu kwamba lazima ajaze kitu, na kwenye simu yake hakuna mahali pa kuandika "haikuwa TB".

Nimekwenda kliniki mara mbili tangu mazishi kuuliza. Katika daftari lao kaka yangu bado ni mtu aliyetoroka matibabu. Naomba mstari huo urekebishwe. Namba ya kadi yake ninayo dukani, mkinitumia mtu nitampa.

Muuza nafaka,
Kariobangi, Nairobi